UZI: Kwa nini uji wa mtama unapikwa kwanza ndipo kimea kinatiwa? Kazi ya vimeng'enya kwenye sufuria ya pombe

Kimea_Dom (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni kwa ajili ya wanaopika, au wanaotaka kupika, bia ya mtama. Hapa Dodoma vijana wengi wameanza kujaribu kwa kufuata video za Wazungu: saga kimea, pasha maji, mwaga kimea, shikilia nyuzi 65 kwa saa moja, chuja. Shayiri haipatikani kirahisi mtaani, kwa hiyo wanaweka kimea cha mtama badala yake. Maji yanatoka na utamu kiduchu, machicha yamebaki na wanga uleule ulioingia, hamira inakosa cha kula. Kisha mtu anatangaza kwamba mtama haufai kwa bia.

Mtama unafaa. Kinachokosewa ni mpangilio wa moto, na mpangilio sahihi akina mama wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wanao siku zote: uji unapikwa kwanza, unapoozwa, ndipo kimea kinatiwa. Nimesikia watu wakiuita utaratibu huo wa kizamani. Mimi nasema una sayansi kamili ndani yake, na nitaueleza ili kila mtu aupime mwenyewe.

Tuanze na punje. Punje imejaa wanga, akiba ya kumlisha mche kabla haujatoa majani. Mche hauwezi kuutumia wanga ulivyo, ni lazima ukatwekatwe uwe sukari. Ndiyo maana punje ikilowa na kuanza kuota inatengeneza vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo. Kutengeneza kimea ni kuiacha punje ifike hapo, halafu kuikausha kabla haijaimaliza akiba yake. Vimeng'enya vinabaki ndani, vimetulia, vinasubiri maji na joto.

Jambo hili lilithibitishwa Paris mwaka 1833. Anselme Payen na Jean-François Persoz waliloweka kimea cha shayiri, wakachuja yale maji, wakatia pombe kali, ikajitenga dutu nyeupe. Kiasi kidogo tu cha dutu hiyo kiliweza kugeuza wanga mwingi kuwa sukari. Wakaiita diastasi. Ndicho kimeng'enya cha kwanza binadamu kukitoa nje ya kiumbe na kukiona kikifanya kazi. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya diastasi kuna zaidi ya kimoja, na kwa mpishi wa pombe viwili ndivyo vya kujua kwa majina: alfa-amilesi na beta-amilesi.

Wanga wenyewe ni minyororo ya glukosi. Sehemu ndogo, kama robo hivi, ni minyororo iliyonyooka, na inayobaki ina matawi mengi. Sasa chukua muwa mrefu. Alfa-amilesi anaukata popote katikati, chap chap, vinabaki vipande vya urefu mbalimbali. Beta-amilesi anaanzia nchani na kutoa pingili mbilimbili, hawezi kuingilia katikati. Zile mbilimbili ndizo maltosi, sukari ambayo hamira inaipenda. Beta peke yake atachelewa sana, kwa sababu ncha ni chache na akifika kwenye tawi anakwama. Alfa peke yake atakuachia vipande vingi ambavyo hamira haiwezi kuvila. Wakifanya kazi pamoja, kila alfa anapokata anamfungulia beta ncha mpya. Vipande vya penye matawi vinavyobaki ndivyo dekstrini, na hivyo vinaipa bia uzito mdomoni.

Hapo ndipo joto linapoingia. Beta hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 60 na 65, na ukipita 70 anaharibika haraka. Alfa ni mvumilivu: anapendelea 70 hadi 72, na anaanza kuishiwa nguvu ukikaribia 80. Mpishi wa bia ya shayiri akishikilia 63 anapata sukari nyingi ya kuchachuka, bia inakuwa nyepesi na kali. Akishikilia 70 anapata dekstrini nyingi, bia inakuwa nzito na pombe inapungua. Wengi wanakaa katikati, 65 hadi 67, kwa saa moja, halafu wanapandisha hadi 76 au 78 ili vimeng'enya visimame na maji yachujike vizuri.

Joto linaharibuje? Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloushika wanga. Joto likizidi, mkunjo unafumuka, na ukipoa haurudi. Anayesema "nimepitisha moto kidogo lakini nimepooza tena" ajue kwamba beta aliyekufa kwenye 75 hafufuki kwenye 63.

Sasa fundo la uzi wenyewe. Wanga mbichi umejifunga kwenye chembechembe ngumu. Kimeng'enya kinaukwangua kwa nje tu. Mpaka chembe zile zivimbe kwa maji na joto, zipasuke, wanga uive, ndipo kazi inaenda kasi. Kila nafaka ina joto lake la kuiva. Wanga wa shayiri unaiva kwenye kama 60 hadi 65. Wa mahindi 62 hadi 74. Wa mtama 68 hadi 78.

Soma tena hizo namba pamoja na zile za alfa na beta. Kwa shayiri, joto linaloivisha wanga ndilo hilohilo beta analolipenda. Sufuria moja, joto moja, mambo yote yanakwenda kwa wakati mmoja. Mapishi yote ya Ulaya ya kushikilia nyuzi 65 yamejengwa juu ya bahati hiyo ya shayiri. Kwa mtama, kwenye 65 vimeng'enya viko hai lakini wanga haujaiva. Ukipandisha mpaka 78 uive, beta ameshakufa zamani na alfa yuko taabani. Huwezi kupata yote mawili kwenye sufuria moja kwa moto mmoja. Ongeza hapo kwamba kimea cha mtama kina beta mchache sana kuliko cha shayiri, huna wa kupoteza hata kidogo.

Dawa ni moja: tenganisha kazi hizo mbili. Wanga uivishwe peke yake kwa moto mkali, vimeng'enya viwekwe pembeni penye usalama, vikutane joto likishashuka. Na huo ndio uji uliopikwa, ukapoozwa, ukatiwa kimea.

Nigeria walilazimika kulijua hili kwa kiwango cha viwanda. Mwaka 1988 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri kutoka nje, viwanda vikubwa vya bia vikahamia kwenye mtama na mahindi. Vingi viliongeza vimeng'enya vya kununua. Lakini watafiti pia walionyesha njia ya kutumia kimea chenyewe: unakoroga unga wa kimea cha mtama kwenye maji ya nyuzi 45, unaacha utuame, unakinga yale maji ya juu yenye vimeng'enya na kuyaweka kando. Mashapo unayachemsha mpaka yaive kabisa. Yakipoa hadi 65 au zaidi kidogo, unarudisha maji yale. Mtu wa Bahi akiangalia hatua hizo atacheka kwa furaha, maana ni jikoni kwao.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: sehemu mbili za unga wa mtama mweupe, sehemu moja ya kimea. Pika uji wa unga mpaka uive kweli, dakika 30 au zaidi. Epua, koroga upoe hadi 65 (hapo tia nusu ya kimea), ukishuka hadi 60 tia kilichobaki, funika kwa blanketi saa moja na nusu. Mwenye kimea cha ulezi atumie hicho, kina nguvu kuliko cha mtama.

Karibuni kwa maswali.

Mwana_Manyoni

Mkuu nimekusoma vizuri, asante sana. Swali langu: kwa nini nisichanganye unga na kimea vyote tangu mwanzo, nichemshe pamoja, niokoe kuni na muda? Mwisho wa siku si vyote vinaingia sufuria moja?

Kimea_Dom

Ukichemsha vyote, unapata uji wa kawaida wenye harufu ya kimea. Utamu hautakuja hata ukisubiri mpaka asubuhi, kwa sababu vimeng'enya vimekufa kabla wanga haujafunguka wote.

Ila kuna kitu unaweza kufanya kinachookoa kuni kweli. Wakati wa kupika uji wa kwanza, tia kimea kidogo tu, kama moja ya kumi, kikiwemo kwenye maji tangu yakiwa vuguvugu. Joto linapopanda, alfa anawahi kulegeza uji ukiwa unaiva, hauungui chini na unakorogeka. Hicho kidogo unakitoa sadaka. Kimea chenyewe cha kazi kinabaki pembeni kinasubiri uji upoe. Viwanda vinavyopika mahindi au mchele pamoja na shayiri vinafanya hivyohivyo.

MamaNdachi

Wanangu nawasalimu. Mimi napika pombe za sherehe, mavuno na harusi, na ujimbi wa Kigogo nimelelewa nao. Nimesoma haya maelezo na nimefurahi, maana kumbe kuna jina la kila kitu tunachokifanya.

Niwaambie tunavyojua bila kipimo. Uji ukiepuliwa tunaukoroga na kuuacha. Nachovya ncha ya kidole. Nikikitoa papo hapo, bado. Nikiweza kuhesabu moja, mbili, tatu ndipo nikitoe, natia kimea. Nisipoumia kabisa, nimechelewa, pombe itakuwa chachu kabla haijawa tamu.

Na dalili ya kwamba kimea ni kizima iko kwenye mwiko. Uji wa mwanzo unasimamisha mwiko wenyewe. Ukitia kimea huku unakoroga, unaanza kulegea pembeni mwa sufuria kwanza, katikati bado pazito. Kisha mwiko unakuwa mwepesi ghafla mkononi, unaanza kusikia majimaji yanapiga ukutani. Rangi nayo inabadilika, ule weupe mzito unaondoka, unang'aa. Nikiona nimekoroga muda mrefu na mwiko bado mzito, najua kimea kimeharibika, natafuta kingine kwa jirani kabla uji haujapoa. Utamu haujaja hapo, unakuja baadaye ukishafunika.

Kimea_Dom

Mama, shikamoo, na asante sana. Hicho ulichoeleza kwenye mwiko ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu.

Uji kulegea ghafla ni kazi ya alfa. Akikata mnyororo mrefu katikati mara chache tu, uzito unaanguka hapo hapo, kwa sababu ni ile minyororo mirefu inayoshikana ndiyo iliyousimamisha mwiko. Lakini vipande bado ni virefu, ulimi hauvioni kuwa sukari. Utamu unakuja taratibu, beta anapotoa mbilimbili na alfa akiendelea kufupisha. Kwa hiyo kulegea kwanza na utamu baadaye ni mpangilio wa vimeng'enya wenyewe, na mkono wako umeusoma sawasawa.

Kidole kwa hesabu ya tatu kinakuweka kwenye hamsini na kitu hivi. Ni chini kidogo ya joto la video za shayiri, lakini uji wako umeshaiva, hivyo huhitaji joto la kuivisha tena. Unahitaji joto la kuwaweka alfa na beta kazini bila kuwaua, na kwenye hamsini na kitu wote wawili wanafanya kazi kwa usalama. Na ulivyosema kuhusu kuchelewa ni kweli kabisa: uji vuguvugu unawapa bakteria wa uchachu nafasi, na uchachu ukizidi amilesi wanadhoofika. Utamu lazima uwahi.

Daktari_wa_Bia

Mleta mada umeandika vizuri lakini naona unawasifia wazee kupita kiasi. Walibahatisha tu. Bila themometa huwezi kuita kitu sayansi. Na pombe yenyewe inabaki na wanga mwingi, ndiyo maana ni nzito na inaharibika siku ya tatu. Hiyo si dalili kwamba vimeng'enya havikumaliza kazi?

Kimea_Dom

Mkuu, nakujibu kwa heshima, maana hoja zako ni mbili tofauti.

Kuhusu kubahatisha: mtu aliyebahatisha hawezi kurudia kila msimu akapata kilekile, na kumfundisha binti yake naye akapata kilekile. Mama hapo juu ana kipimo cha joto, ana dalili ya kimea kizima, ana dalili ya kuchelewa, na anajua la kufanya mambo yakienda vibaya. Na si Ugogo tu. Busaa ya magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi uliochachushwa unakaangwa kwenye bati mpaka uive, ndipo unachanganywa na maji na kimea cha ulezi ambacho hakijapita motoni. Watu mbalimbali, nafaka mbalimbali, na wote wanaivisha wanga kwanza na kulinda kimea. Mambo hayo hayatokei kwa ajali.

Kuhusu wanga kubaki: ni kweli, unabaki, na unatakiwa ubaki. Pombe ya aina hii inanyweka ikiwa bado inachachuka, na wanga ulioiva ndio unaozishika zile chembe za nafaka zisizame chini ya kata. Ukimaliza wanga wote utapata maji juu na tope chini. Pia ni chakula. Kudumu miezi kwenye chupa ni lengo la bia nyingine.

Themometa naiunga mkono, nunueni wote. Ila ipime kwanza. Hapa Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Themometa yako ikikuandikia 100 kwenye maji yanayotokota hapa Area C, inadanganya kwa nyuzi nne. Nyuzi nne kwa beta ni uhai na kifo.

Alizeti_Singida

Habari wakuu. Huku kwetu wengi tunalima mtama mwekundu kwa sababu ya ndege kwelea kwelea, mweupe wanaumaliza shambani. Lakini pombe ya mwekundu inachelewa kuiva na wakati mwingine utamu hauji kabisa hata ufuate utaratibu. Tatizo ni nini?

Kimea_Dom

Kaka, swali zuri sana. Kinachomfukuza kwelea ndicho kinachokusumbua kwenye sufuria. Baadhi ya mitama ina tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna punje mbichi. Tanini inashika protini. Kwelea inamkausha mdomo, na kimeng'enya ni protini vilevile, kwa hiyo tanini inakishika kikashindwa kufanya kazi.

Lakini usihukumu kwa rangi peke yake. Kuna mitama myekundu isiyo na tanini na inafanya kazi vizuri. Tafuna punje: ikikausha mdomo, ina tanini. Ukiikwangua ganda juu juu, utaona tabaka la rangi nyeusi nyeusi au kahawia chini yake.

Ukiwa nayo, una njia mbili. Ya kwanza, itumie kwenye uji baada ya kuikoboa, na kimea chukua cha ulezi. Ya pili ni ya majirani wa kusini magharibi mwa Uganda, wanaloweka mtama wa aina hiyo kwenye maji yaliyochanganywa na majivu ya kuni kabla ya kuuotesha. Majivu yanapunguza makali ya tanini. Ukifanya hivyo uoshe vizuri baadaye.

Anayelima kwa ajili ya kuuza viwandani aende TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, akaulize mbegu. Macia ni mtama mweupe usio na tanini, na wanunuzi wa viwanda vya bia wanaupenda kwa sababu hiyo. Kwelea ni vita nyingine, siwezi kuidharau, nimeona mashamba yaliyoisha kwa asubuhi chache.

Mama_wa_Mapacha

Jamani mimi sinywi pombe ila nimefuatilia uzi wote. Kliniki tuliambiwa tutie kimea kwenye uji wa mtoto uwe mwepesi. Ni mambo haya haya? Na ni salama?

Kimea_Dom

Dada, ni haya haya kabisa, na kwangu hii ndiyo matumizi bora kuliko yote. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa maji mengi unamshibisha bila kumlisha, uji mzito hawezi kuumeza. Ukipika uji mzito, ukaupooza kidogo, ukatia kijiko cha unga wa kimea, alfa anaulegeza ndani ya dakika chache bila kuongeza maji. Mtoto anapata chakula kingi kwenye kikombe kilekile. Watafiti wa hapa Tanzania waliandika juu ya hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa ndani ya kazi hiyo.

Usalama una mambo ya kuzingatia, na tafadhali yachukue kwa uzito:

Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena. Kuotesha nafaka ni unyevu na joto kwa siku kadhaa, bakteria wanazaliana humo. Vimeng'enya vimeshamaliza kazi yao, huna hasara kuviua.

Tumia kimea cha ulezi. Chipukizi na mizizi ya mtama ina kemikali inayotoa sianidi. Kimea cha mtama kwa chakula ni lazima kikaushwe na chipukizi na mizizi yote vipukuswe na kupepetwa. Kwa mtoto usihangaike, ulezi hauna shida hiyo.

Kimea chenye ukungu tupa. Usikioshe, usikianike upya. Mkoa wetu na Manyara tulipata msiba wa sumukuvu mwaka 2016, ulitokana na mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

UDOM_Kemia

Mkuu, mimi ni mwanafunzi. Hujagusa maji. Maji ya visima vya hapa ni magumu, birika linaota ukoko mweupe ndani ya wiki chache. Hayaathiri? Na mtu anajuaje wanga umeisha bila maabara?

Kimea_Dom

Umenikumbusha jambo muhimu. Ugumu wa maji una pande mbili. Kalsiamu ni rafiki, alfa-amilesi anaihitaji ili ashike umbo lake kwenye joto. Lakini ukoko ule unatokana pia na bikaboneti, na hiyo inapandisha pH (kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua). Amilesi wa kimea wanataka pH 5.2 hadi 5.6 hivi. Maji yenye bikaboneti nyingi yanaweza kuuacha mchanganyiko juu ya hapo, na kazi inapungua kasi. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, mimina ya juu na uache ukoko chini, umeshapunguza sehemu kubwa. Ukiwa na karatasi za pH, rekebisha kwa limau kidogo kidogo. Usiende chini ya 5.

Kujua wanga: dondosha uji kidogo kwenye sahani nyeupe, upoe kabisa, weka tone la aidini ya duka la dawa iliyozimuliwa. Ikigeuka bluu iliyokolea au nyeusi, wanga mrefu bado upo. Ikibaki rangi ya aidini yenyewe, manjano kahawia, umeisha. Zambarau au nyekundu ni katikati, dekstrini. Tumia maji ya juu yaliyotulia, maana ganda la punje litakupa bluu hata kazi ikiwa imekwisha. Sampuli hiyo mwaga, isirudi sufuriani. Na kama nilivyosema, kwa pombe ya kienyeji bluu kidogo mwishoni ni sawa. Kwa bia ya kuchuja ndiyo usubiri iishe.

MamaNdachi

Mwanangu, nina la kuuliza la mwisho. Kuna msimu kimea changu kinakuwa dhaifu hata kama mbegu ni ileile na maji yaleyale. Mwiko unabaki mzito. Ninaanika juu ya bati ili kikauke haraka kabla upepo haujaleta vumbi. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

Kimea_Dom

Mama, naona hapo hapo. Kimeng'enya kikiwa kikavu kinavumilia joto, kikiwa na maji hakivumilii. Bati la Dodoma saa saba mchana wa Oktoba huwezi kuweka kiganja. Kimea kibichi kilichojaa maji juu yake kinapata yale yale ya sufuria, beta anaondoka kwanza. Wakati wa mawingu bati halipati moto huo, ndiyo maana inatofautiana msimu kwa msimu.

Siku ya kwanza anika kwenye mkeka au kichanja, kivulini penye upepo, tabaka jembamba, ukikigeuza mara kwa mara. Hewa yetu ni kavu, maji ya nje yatatoka haraka. Siku ya pili peleka juani, bado mkekani. Vumbi likisumbua, tandaza chandarua cha zamani juu yake.

Pia angalia wakati wa kuotesha. Upepo wa kiangazi unakausha punje za juu kabla hazijamaliza kazi, unapata nusu kimea nusu mtama mkavu. Funika kwa magunia ya katani yenye unyevu, nyunyiza asubuhi na jioni, geuza ili zote ziote sawa. Kikishakauka mpaka mizizi inavunjika ukisugua kwa viganja, pukusua, pepeta, weka kwenye ndoo yenye mfuniko mahali pakavu. Kisagwe siku ya kupika, kwa sababu unga unanyonya unyevu haraka kuliko punje nzima. Na kabla ya kuwasha moto wa sufuria kubwa, pika uji wa kikombe kimoja, tia kijiko cha kimea hicho, uone kama uji unalegea. Usipolegea, utakuwa umejua mapema, na jirani bado hajalala.